Bima Ambayo Hatukuiomba

Mama mkwe wangu alijua siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na beseni la nguo kiunoni, kwamba nyumba yake itapigwa mnada. Aliyemletea habari ni bwana mmoja mpole mwenye utepe wa kupimia.

Mimi nilikuwa chumba cha mbele, ambacho wazee walinipa nifungue saluni tangu mume wangu aanze kuendesha malori ya safari ndefu. Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu kimechanwa, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Yule bwana aliomba ruhusa aingie apime vyumba. Mama akamuuliza anavipimia nini, kwani sisi hatujaita fundi wa zulia. Bwana akababaika. Alidhani tunajua. Akasema yeye ni mthamini tu, ametumwa na kampuni inayosimamia mikopo ya nyumba, na kwamba kabla ya mnada lazima thamani iandikwe. Akatoa karatasi kwenye mkoba. Mnada ulikuwa umebakiza siku thelathini na nne.

Mama aliweka beseni chini, akashusha miwani iliyokuwa kichwani, akaisoma ile karatasi akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniita nimletee mgeni maji ya kunywa.

"Pima, baba," akamwambia. "Mjumbe hauawi."

Mtaani kwetu Mama anaitwa Sista, na hakuna anayemwita vingine. Alikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Hata mumewe humwita Sista, kwa sababu siku walipojuana alikwenda zahanati na kidole kilichoungua kwa risasi ya kulehemu, na jina alilolisikia pale ndilo alilooa nalo. Yeye Baba ni fundi redio. Ana karakana yake nyuma ya nyumba, chumba cha mabati kisichozidi hatua tano kwa nne, na humo anafufua redio, vikuza sauti, na siku hizi hata chaja za simu ingawa anazidharau.

Alipotoka karakanani akamkuta mgeni anapima sebule, Baba hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni, bisibisi mkononi, akamwangalia Sista. Hapo ndipo sisi wawili tulipojua kwamba yeye anajua.

Mgeni alipoondoka, Baba akakaa kwenye kiti cha saluni, kile cha kuzunguka, akasema yote. Barua zilianza kuja mwaka jana. Kumi na moja. Alizificha ndani ya kasha la spika bovu. Mwaka huohuo Sista alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya moyo, na daktari alisema asishtuliwe. Basi Baba akaamua kuubeba mzigo peke yake mpaka autue, na badala ya kutua ukazidi kuwa mzito.

Sista alisikiliza, akanyanyua beseni lake, akaenda kuanika.

Siku mbili zilizofuata hakusema naye. Au tuseme alisema naye kupitia kwangu. Tukiwa tumekaa watatu mezani, bega kwa bega, ataniambia, "Mkwe, mwambie baba yako chai inapoa." Nami namgeukia Baba, "Baba, chai inapoa." Baba ananijibu, "Mwambie asante." Nilichoka kuwa simu ya upepo ndani ya nyumba ya watu.

Siku ya tatu Sista aliingia mwenyewe karakanani kuzichukua zile barua. Alikawia. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya meza ya kazi, anatazama mahali palipokuwa na mraba msafi katikati ya vumbi. Hapo palikaa mashine ya Baba ya kupimia mawimbi, ile yenye kioo cha kijani, aliyoinunua kabla hata ya mume wangu kuzaliwa. Kwa mashine hiyo aliweza kuona ugonjwa wa redio kama daktari anavyoona mfupa kwenye picha.

Baba alikuwa nyuma yetu.

"Umeuza mashine yako," Sista akasema, moja kwa moja kwake, bila kupitia kwangu.

"Ilikuwa imezeeka."

"Na wewe umezeeka. Mimi nimekuuza?"

Baba akaangua kicheko, kisha kicheko kikamgeukia, akafuta macho kwa kiganja. Sista akamwambia kwamba moyo wake umeshtuka mara elfu kwa watoto wa watu na haujafa. Moyo usichoweza kuvumilia ni kukuta mume anaugua ndani kwa ndani nyumba moja na yeye, na yeye ndiye aliyesomea uuguzi. Akachukua lile kasha la spika, akampa alibebe, tukaenda mezani.

Nitaeleza kilichokuwamo kwenye zile barua kama nilivyokielewa baadaye, maana siku ile ilituchukua mchana mzima. Wazee walikopa benki kununua nyumba hii miaka ishirini iliyopita, na walikuwa wamebakiza miaka miwili tu. Kila mwezi Baba analipa kiasi kilekile, tarehe ileile. Benki ikaukabidhi mkopo kwa kampuni nyingine ya kukusanya marejesho. Kampuni hiyo ikaandika kwamba nyumba yetu haina bima, na kwa kuwa mkataba unataka nyumba iwe na bima, wao wametukatia ya kwao. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile tuliyozoea. Wakaiongeza kwenye rejesho la mwezi. Baba akaendelea kulipa kiasi cha zamani. Kampuni ikasema malipo ni pungufu, na malipo pungufu hayahesabiwi. Yakawekwa pembeni, kwenye akaunti isiyomsaidia mtu. Mwezi ukaandikwa kuwa haujalipwa. Faini juu. Mwezi wa pili vilevile. Mwaka ulipoisha, kwenye vitabu vyao Baba alikuwa mtu asiyelipa kabisa, na huku pesa yake wanaipokea kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja.

"Lakini bima tunayo," Sista akasema. "Nimeilipia mwenyewe."

Baba akajibu kwamba hata yeye aliwaambia hivyo. Alipiga simu, akasikilizishwa muziki, akaambiwa na mtu wa kwanza atume nakala, na wa pili kwamba nakala haikufika, na wa tatu kwamba imefika lakini si ya nyumba hii. Alipokwenda ofisini akaambiwa mtambo ndio unaosema hivyo. Alirudi akiamini kosa ni lake, kwamba uzee umeanza kumchezea na kuna mahali alisahau jambo.

Sista alizipanga barua kwa tarehe na kuziandika kwenye daftari la mistari, kila barua na mstari wake, kama alivyokuwa akiandika wazazi wanaoingia wodini. Baba alikaa anachezea ncha ya kitambaa cha meza. Halafu yale maneno "si ya nyumba hii" yakaanza kumsumbua. Alichukua hati yetu ya bima, akachukua na barua moja ya kampuni, akaenda nazo dirishani kwenye mwanga. Alisimama kule muda mrefu. Namjua Baba akisimama hivyo. Ndivyo anavyosimama mbele ya redio iliyofunguliwa, kabla hajagusa kitu.

"Namba," akasema. "Sisi ni namba ngapi?"

Nikamjibu arobaini na moja, kama ilivyoandikwa getini.

"Kwao ni kumi na saba."

Mwaka mmoja kabla ya barua kuanza, manispaa ilibadilisha namba za nyumba mtaa mzima. Kumi na saba yetu ikawa arobaini na moja. Bima iliandikwa namba mpya, mkopo ulibaki na ya zamani, na mtambo wa kampuni ukaona nyumba mbili mahali palipo na moja. Hitilafu yote ilikuwa hapo, ndogo kama waya uliochomoka.

Nilimwona Baba akinyooka mgongo. Sista pia alimwona, maana aliinuka akamwekea chai bila kunituma mimi.

Kujua kosa lilipo si kulitengeneza. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba kila Jumatano kuna wakili wa msaada wa sheria anayekaa maktaba ya manispaa, ghorofa ya kwanza, na halipwi. Tukaenda watatu. Tulimkuta dada mwembamba, shavu moja limevimba kwa jino, anaandika kwa mkono mmoja na mwingine ameshika taya. Sista, kabla ya kumwamkia, alimwomba afungue mdomo. Wakili akafungua. Akaambiwa jino lile lisingoje kesho. Baada ya hapo ndipo akapewa nafasi ya kutushauri.

Na alitushauri vizuri. Alituambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua: kwamba kampuni ile si mwenye nyumba, wala si mwenye mkopo, ni mkusanyaji aliyekodiwa tu, na sheria inambana mkusanyaji kama inavyomlinda. Mwenye nyumba akilalamika kwa maandishi, lazima ajibiwe kwa maandishi, tena ndani ya siku zilizowekwa. Ana haki ya kuonyeshwa kila senti aliyolipa imekwenda wapi. Hakatiwi bima kwa nguvu mtu mwenye bima yake. Na shauri likishafika kwa msuluhishi wa mikopo, anayeamua kati ya mkopaji na mkopeshaji, nyundo ya dalali husubiri.

"Ila simu haina ushahidi," akasema. "Andikeni, na nakala yenu igongwe muhuri. Msitoke pale bila muhuri."

Barua Sista aliiandika mwenyewe, mara nne. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu na ilikuwa na matusi yaliyovishwa heshima. Wakili, ambaye sasa alikuwa na pengo na uso uliorudi mahali pake, aliikata ikabaki ukurasa mmoja.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na ubaridi wa mashine na viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma. Tulipewa namba. Ilipofika zamu yetu, karani wa dirishani alisema hawagongi mihuri siku hizi, malalamiko yanatumwa kwenye tovuti. Sista akamuuliza kama amekataa kuipokea barua. Karani akasema hajakataa, anaeleza utaratibu tu. Sista akamwambia vyema, basi atasubiri utaratibu. Akavuta kiti kimoja kilichokuwa huru, akakaa mbele ya dirisha lile, mkoba mapajani.

Watu walipita pembeni yake kuhudumiwa. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Baba alikwenda kununua maandazi, wakagawana. Karani alijaribu mara mbili kumwambia kwamba anapoteza muda wake.

"Mwanangu," Sista akamjibu bila kupandisha sauti, "nimewahi kungoja watoto wakaidi kuliko wewe, na wote walitoka."

Foleni nzima ikacheka, na nadhani hata karani alicheka, maana aliinama chini ya meza kama anatafuta kalamu. Saa nane kasorobo msimamizi wake akashuka kutoka juu, akauliza kuna nini, akagonga muhuri. Kazi ya kugonga ilichukua sekunde mbili.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, na halikuwa jibu. Lilisema barua yetu imepokelewa na inashughulikiwa, na kwamba mnada uko palepale. Chini yake kulikuwa na tangazo jingine, lenye picha ya geti letu. Baba alipoiona picha ile aliigeuza uso chini. Alisema labda tuanze kutafuta chumba cha kupanga tungali na nafasi ya kuchagua. Sista hakumbishia. Aliuweka mkono wake juu ya wa Baba, pale mezani. Kisha akamwambia avae viatu, waende kwa msuluhishi kabla ofisi haijafungwa.

Walipokuwa wanajaza fomu kule, Baba akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Kama mtaa mzima ulibadilishiwa namba, je, ni sisi peke yetu?

Kesho yake Sista alianza kupita nyumba kwa nyumba. Alipita kama alivyokuwa akipita zamani kuwaangalia waliojifungua, na mkoba uleule wa ngozi. Alikaa, akanywa alichopewa, akauliza habari za wazee na wajukuu, na mwisho akaeleza yaliyotupata. Hakuuliza mtu kama anadaiwa. Alieleza yetu tu, akanyamaza. Na mtu mmoja mmoja akaanza kuinuka, kwenda chumbani, kurudi na bahasha. Walikuwa tisa. Tisa wenye mikopo kwenye kampuni ileile, wamekatiwa bima ileile, na kila mmoja alikuwa ameificha: huyu kwa mkewe, yule kwa watoto, mwingine kwa jirani wa ukuta mmoja ambaye naye alikuwa na barua kama hiyo chini ya godoro. Kampuni haikuhitaji mlinzi. Aibu iliilinda.

Mmoja alikuwa amechelewa. Fundi viatu wa mwisho wa mtaa aliogopa tangazo la mnada, akaiuza nyumba mwenyewe kwa bei ya kutupa miezi miwili kabla, akahamia kwa dada yake. Sista alipanda basi kwenda kumtafuta huko. Jioni ile hakula vizuri.

Barua ya msuluhishi ya kusimamisha mnada ilifika zikiwa zimebaki siku nne. Dalali alikuwa amekwisha kubandika tangazo getini. Sista hakulibandua. Aliibandika barua ya msuluhishi pembeni yake, kwa gundi yangu ya kubandikia nywele, na watu wakawa wanasimama kusoma zote mbili. Gundi ile haitoki. Alama yake iko getini mpaka leo.

Siku ya kusikilizwa tulivaa kama watu wanaokwenda harusini. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na kampuni ilimleta bwana mmoja mwenye suti nzuri na kompyuta ya mapajani. Bwana yule alieleza kwa ufasaha kwamba mteja hakutoa taarifa ya kubadilika kwa anwani, na kampuni ilifuata mkataba. Alisema ni jambo la mteja mmoja. Hapo Sista akaziweka mezani zile bahasha nyingine, moja baada ya nyingine, na kila bahasha ilipotua bwana yule alizidi kuitazama kompyuta yake.

Msuluhishi akamgeukia Baba, akamwuliza ana la kusema. Baba alikuwa amejiandalia hotuba tangu juzi. Nilikuwa nimemsikia akiifanyia mazoezi karakanani. Aliposimama, ikampotea yote. Nikadhani Sista atasimama amsaidie, naye hakusimama. Alimtazama tu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Mimi ni fundi redio," Baba akasema mwishowe. "Redio ikinijia haisemi, siandiki kwamba mwenyewe ni bubu. Naifungua kwanza niangalie. Hawa watu hawakufungua. Naomba waniambie mwezi mmoja tu ambao sikuleta pesa."

Akakaa. Msuluhishi akaligeuza ombi lile kuwa swali, akamtaka bwana wa kampuni ataje huo mwezi. Bwana akatafuta. Tulisikia vidole vyake. Alitafuta mpaka tukaanza kumwonea huruma, kisha akasema kwamba malipo ya miezi yote yanaonekana yalipokelewa.

Sista aliinama kwa Baba akamnong'oneza jambo. Baba akaona haya kama kijana.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Bima ya nguvu ifutwe, faini zifutwe, kila rejesho lihesabiwe kwa tarehe yake, mnada ufutwe, na kampuni irekebishe vitabu vya nyumba zote za mtaa wetu, ilipe na fidia. Fidia yenyewe haikuwa ya kumnenepesha mtu. Kwa fundi viatu, msuluhishi alisema nyumba iliyokwisha kuuzwa kwa hiari hana uwezo wa kuirudisha. Alimwelekeza mahakamani, na wakili wetu wa maktaba amelichukua shauri lake. Bado linaendelea. Sista huenda naye kila tarehe inapotajwa, na kila mara hubeba chakula cha watatu.

Wazee walimaliza mkopo mwaka huu. Siku hizi bahasha ikifika inawekwa katikati ya meza na haifunguliwi mpaka wote wawili wakae. Sista anasoma kwa sauti, Baba anauliza maswali, na mimi nikisuka naisikia barua ya umeme ikisomwa kama hukumu.

Hati ya nyumba ilipotoka, Baba alitaka kuitia kwenye fremu palepale. Sista akamwambia atulie, hajaimaliza. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole juu ya mstari, na kwenye ukurasa wa tatu akasimama. Jina la Baba lilikuwa limekosewa herufi moja. Baba akasema herufi moja si kitu, kila mtu anamjua. Sista akavua miwani, akamtazama.

Kesho yake asubuhi waliondoka pamoja kwenda kuirudisha, yeye na mkoba, Baba na mwavuli, wanabishana njia ipi ni fupi. Walirudi saa tisa alasiri na hati iliyosahihishwa. Walikuwa wanacheka jambo fulani tangu getini, na mpaka leo hawajaniambia ni lipi.